Majani Sita: Maadili ya Akili Mnemba Kwenye Meza ya Kamati ya Mikopo

Hotuba kwa viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, ndugu mameneja, wajumbe wa bodi na wa kamati za mikopo, wanaushirika wenzangu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie maadili ya akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazopima na kubashiri mambo kama mtu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya mikopo. Kompyuta nimejifunzia ukubwani. Kwa hiyo nitawaeleza niliyoyaona kwenye meza ambayo mwenyewe nilikuwa nimekaa, pamoja na machache yaliyowapata watu wa mbali ambayo, nikiyasoma, naona ni yetu kabisa.

Naanza na mama mmoja. Jina lake silitaji, naye ameniruhusu kusimulia. Alikuwa mwanachama wetu kwa miaka 11. Anakaanga samaki: jioni anauza barabarani, asubuhi anawapelekea mama ntilie. Alishakopa kwetu mara nne na mikopo yote akairejesha, mmoja kabla hata ya muda wake. Safari hiyo aliomba milioni moja na laki mbili anunue friza la pili. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Samaki wakiwa wengi bei inaanguka, na mwenye pa kugandishia ananunua siku hiyo, anauza siku za upepo ambazo ngalawa hazitoki.

Mwaka huo tulikuwa tumenunua programu ya kupima waombaji wa mikopo. Muuzaji alikuja akatuonyesha ukutani jinsi inavyofanya kazi: unaingiza jina la mwombaji, namba yake ya simu na taarifa nyingine chache, programu inaangalia mwenendo wa miamala, inatoa alama. Kuanzia 500 kwenda juu, mpe. Chini ya hapo, acha. Mama wa samaki alipata 388. Afisa mikopo akachapa karatasi, akaibana ndani ya faili, faili likaja kwetu. Siku ile tulikuwa na maombi 43 na umeme ulikuwa wa kukatikakatika. Katibu alisoma namba ya uanachama, akasoma alama, akasema, "Mfumo umekataa." Nikatia saini. Dakika moja haikuisha.

Miezi minne baadaye nilipita kwake kununua samaki, nikaona pale lilipokuwa friza lake la kwanza pamebaki tofali nne tu lilizokuwa limekalia. Alikuwa amekwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kubwa. Alipokosa rejesho kwa siku tatu, walikuja na pikapu wakabeba. Nikamuuliza, mama, mbona hukurudi kwetu ukalalamika? Akaniangalia, akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Mwalimu, mliniambia mashine imekataa. Mashine nailalamikia wapi?"

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani bila samaki.

Kesho yake nikaomba faili. Ilituchukua siku mbili, mimi na afisa mikopo, mpaka tukaelewa kilichotokea. Mnakumbuka Januari 2020, laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Mama yule hakuwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, wakati huo, na simu anaihitaji, basi laini ikasajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe. Wangapi humu ndani tumefanya hivyo kwa wazazi wetu? Programu ilipolinganisha jina lake na jina la laini, ikaona hayakubaliani, ikashusha alama, na miamala yote ya laini ile haikuhesabiwa kuwa yake. Mauzo yake mengine ni ya fedha mkononi. Hayo hayaonekani popote. Na ile mikopo minne aliyoirejesha? Ilikuwa kwenye leja ya karatasi, jalada la kijani, kabatini, hatua nne kutoka kwenye kiti cha aliyechapa alama. Programu haijui kuwa kuna kabati. Sisi tulijua, na hatukulifungua.

Nilipomweleza yule mama sababu, alinijibu kwa neno ambalo ndilo limenileta hapa leo. Alisema, "Mngeniambia ni laini, ningekuja na mwanangu."

Sasa tuzitazame kanuni zenyewe. Novemba 2021, nchi wanachama 193 wa UNESCO, Tanzania ikiwemo, zilipitisha Pendekezo kuhusu Maadili ya Akili Mnemba. Mna humo haki na kutobagua, uwazi, faragha, uwajibikaji, na kwamba binadamu ndiye awe msimamizi wa mashine. Julai 2024 Umoja wa Afrika nao ukaridhia mkakati wa akili mnemba wa bara zima. Nimeyasoma maandiko hayo kwa makini na nayaheshimu. Walioyaandika walitoa jasho. Lakini ukichukua kanuni moja moja ukaileta kwenye kikao chetu siku ile, utaona ajabu. Binadamu msimamizi alikuwepo: ni mimi, na kalamu ninayo. Uwazi ulikuwepo: alama imechapwa kwa wino mweusi. Uwajibikaji upo: saini tano. Kila kanuni ungeweza kuitikia "ndiyo", na mama akapoteza friza.

Hatukuwa peke yetu. Uholanzi, nchi tajiri yenye sheria na wanasheria, mamlaka yao ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kubashiri ni wazazi gani huenda wanadanganya katika kudai ruzuku ya malezi ya watoto. Kuwa si raia wa Uholanzi kuliongeza alama ya hatari. Makumi ya maelfu ya wazazi wakaonekana matapeli, wengine kwa kosa dogo la kwenye fomu kama saini iliyokosekana, wakadaiwa kurudisha makumi ya maelfu ya yuro. Nyumba zilipotea, ndoa zilivunjika. Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo. Na jambo ambalo halinitoki kichwani ni hili: mfumo ukishampa mtu alama ya hatari, faili lilipelekwa kwa ofisa, binadamu kama mimi, alipitie. Ila hakuambiwa kwa nini faili lile limepewa alama ile. Aliwekwa pale asimamie kitu asichoweza kukiona.

Mfano mwingine ni wa Marekani, na huu unafanana na laini ya simu hadi unatisha. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyokuwa ikitumika kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikuulizwa rangi ya mtu. Iliulizwa nani atagharimu fedha nyingi za matibabu, kwa dhana kwamba anayegharimu sana ndiye mgonjwa sana. Lakini Mmarekani mweusi mwenye ugonjwa uleule alikuwa akitumiwa fedha kidogo zaidi, kwa sababu kuifikia huduma kwenyewe ni kugumu kwake. Kwa hiyo programu ikamwona ana afya. Walipokokotoa, wakakuta kwamba kasoro hiyo ikirekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaopata msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Gharama ilikalia kiti cha ugonjwa. Kwetu, laini ya simu ilikalia kiti cha uaminifu. Aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya, huko wala huku. Hakuna aliyeuliza tu: hiki tunachokipima ndicho tunachokitaka?

Basi maneno makubwa yanashukaje mpaka mezani? Nitawapeleka shambani, maana ndiko nilikopata jibu lililonituliza.

Kuna programu ya simu inayoitwa Nuru, imetengenezwa na PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Sehemu kubwa ya kazi yake ya mwanzo ilifanyika kwenye mashamba ya muhogo ya hapa kwetu Tanzania. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama ugonjwa huu ni batobato au michirizi ya kahawia, tena hata pasipo na intaneti. Ilipopimwa shambani, na matokeo kuchapishwa mwaka 2020, ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Angekuwa mfanyabiashara mwenye haraka angesimama hapo, apige picha na waziri: mashine imewashinda wataalamu. Lakini asilimia 65 maana yake majani 35 katika mia yanakosewa, na mkulima akiambiwa kimakosa kwamba shina ni zima, atachukua mbegu pale na kueneza ugonjwa shamba zima. Watafiti wakaangalia jambo dogo sana: je, mtu akipima majani sita ya shina hilohilo badala ya moja? Usahihi ukapanda, ukawa kati ya asilimia 74 na 88.

Majani sita! Mama wa Mkuranga mwenye jembe begani anaweza kuhesabu majani sita. Neno "usahihi", lililokuwa limekaa kwenye makabrasha, limegeuka kuwa kitu unachokifanya kwa kidole. Ukimkuta mtu amepima jani moja akaondoka, unajua hajafanya, na yeye anajua hajafanya. Tangu niliposoma habari hiyo, kila ninapokutana na kanuni ya maadili najiuliza: majani sita yake yako wapi?

Nitawaambia yetu tuliyoyapata, kwa shida.

La kwanza lilikuwa kauli. Tumepiga marufuku maneno "mfumo umekataa" kwenye muhtasari wa kikao na kwenye dirisha la mhudumu. Mfumo hauna uanachama, hauna hisa, haupigi kura. Inaandikwa "Kamati imekataa kwa sababu", na baada ya "kwa sababu" lazima lije jambo ambalo mwombaji anaweza kulijibu kwa ushahidi. Mwezi wa kwanza afisa mikopo alikuwa akiandika "kwa sababu alama ni ndogo". Tukayarudisha yote. Alama ndogo si sababu, ni jina jingine la kukataliwa. Akasema, lakini programu haituambii kilichoshusha alama. Tukamuuliza muuzaji. Muuzaji akasema ni siri ya biashara.

Hapo ndugu zangu palikuwa na vuta nikuvute ya wiki saba. Tulikuwa tumeshalipa nusu. Wajumbe wawili wa bodi waliona nawachelewesha. Mwenyekiti wetu, Mungu amjalie, akaandika barua ya mistari minne: hatutalipa nusu ya pili mpaka kila alama ije na mambo matatu makubwa yaliyoipandisha au kuishusha, kwa Kiswahili. Ikawezekana. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote. Leo karatasi ya mama wa samaki ingetoka imeandikwa "jina la laini halilingani na la mwombaji", na kijana yeyote wa dirishani angemwambia, mama, njoo na mwanao.

Jambo hili wala si hisani yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomhusu usifanywe na mtambo peke yake, na ukishafanywa hivyo ajulishwe, na aweze kuomba utazamwe upya. Wenzetu wa Kenya wana kifungu cha namna hiyo kwenye sheria yao ya mwaka 2019. Ni wanachama wangapi wa vyama vyenu wamewahi kuambiwa kwamba haki hiyo wanayo? Sisi tumeiandika kwenye karatasi ya A4, tumeibandika dirishani, na chini yake kuna jina la mtu wa kumwona na siku anayopatikana. Kwa mwezi wanakuja watano, sita. Wanakaa, wanaongea. Wengine tunawakatalia tena, lakini wanaondoka wakijua kwa nini.

Jambo la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Alhamisi ya pili ya kila mwezi, wajumbe wawili wa kamati ya usimamizi, ambao hawakukaa kwenye kikao cha mikopo, wanachukua fomu 20 zilizokataliwa. Wanakunja ile kona yenye alama isionekane. Wanasoma fomu, wanafungua leja, wanaamua kana kwamba mashine haipo. Kisha wanakunjua kona. Pale wanapotofautiana na alama, mwanachama anapigiwa simu. Alhamisi ya kwanza tulikaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida yetu, maana fomu za wanawake wauza sokoni zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu kila moja ina laini ya mume, ya mtoto au ya kaka. Hatukuhitaji mtaalamu kutoka nje. Tulihitaji kuzipanga mezani na kuzitazama kwa pamoja.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba naichukia programu. Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu wapo wazee wenzangu ambao wakisikia hadithi ya friza wanasema, si tuliwaambia, turudi kwenye leja. Leja nayo nimeishi nayo. Kamati za binadamu zina dhambi zake: shemeji wa mjumbe anapita haraka, mtu mliyegombana naye msibani faili lake linakosekana. Mwaka jana programu ilitoa alama ya chini kwa mwombaji mmoja ambaye sote pale tulitaka kumpa, ndugu wa kiongozi wetu. Kwa kanuni yetu mpya ilibidi tuandike sababu ya kumpa licha ya alama. Kalamu ikagoma. Sababu haikuwepo; kulikuwa na undugu tu. Hakupewa. Siku hiyo programu ilitulinda sisi wenyewe, na naisifu. Ukilazimika kuandika sababu kwa jina lako, mashine inakukagua na wewe unaikagua.

Upande wa taarifa za wanachama nitapita haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mnajua vilio vilivyokuwepo: ukichelewa siku moja, mkwe wako na bosi wako wanapigiwa simu, kwa sababu ulipoipakua programu uliiruhusu isome majina yote ya kwenye simu yako. Sisi ni SACCOS, tuko daraja jingine na mwanachama ni mwenye mali. Lakini programu tuliyonunua nayo ilikuja na kipengele cha kusoma orodha ya majina ya simu. Nilimuuliza muuzaji ni cha nini, akasema kinasaidia kupima. Tukakizima. Mdhamini wa mwanachama wetu anakuja mwenyewe, anasaini mbele yetu.

Na kuna hili lingine dogo, ambalo nawaomba mlitazame Jumatatu mkifika ofisini. Kijana wetu wa masjala, mchapakazi, alikuwa akiandika barua za kuwakumbusha wenye malimbikizo. Akagundua akiitumia ile programu ya kuongea nayo kwa maandishi, barua zinatoka nzuri na kwa haraka. Akanakili orodha nzima: majina, namba za simu, kiasi wanachodaiwa, na hata maelezo ya "ameuguliwa" na "ameachwa na mumewe". Akaibandika humo. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka barua ziwe na adabu. Lakini shida za watu walizotunong'oneza sisi zimekwenda kukaa kwenye kompyuta za kampuni ambayo hatuijui, ng'ambo. Hatukumfukuza. Tulikaa naye, tukaandika barua moja ya mfano kwa "Mwanachama A", yeye sasa anaomba msaada wa lugha kwa hiyo, kisha majina anajaza mwenyewe kwa mkono wake. Mwongozo wetu wa jambo hili una mistari mitatu na umebandikwa juu ya kompyuta yake. Ulikuwa na kurasa tisa, hakuna aliyeusoma.

Mtaniuliza gharama. Ipo. Mikopo yetu inatoka siku mbili baadaye kuliko mwaka ule tulioiachia programu peke yake. Wajumbe wa Alhamisi wanalipwa nauli na chai. Afisa mikopo ana kazi zaidi, na ana haki ya kulalamika, nasi tumempunguzia nyingine. Kuna chama jirani walioniambia hawana muda wa mambo haya. Niliwauliza wana muda gani wa kumtafuta mwanachama aliyekwisha kuhamia kwa kausha damu.

Yule mama tulimwandikia barua, ikiwa na majina yetu watano, kwamba tulikosea na kwa vipi. Sikuwa nimewahi kuandika barua ya namna hiyo katika utumishi wangu wote. Alikuja na mwanawe. Maombi yake yalisikilizwa upya, na leja ya jalada la kijani ilikuwa wazi mezani. Friza alilolipata ni moja, si mawili aliyokuwa amepanga kuwa nayo wakati huu. Samaki ananiuzia kwa bei ileile ya wengine.

Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, sitachukua maswali kwa sasa. Kwenye bahasha zile pale mlangoni nimeleta fomu 20 za kwetu zilizokataliwa, zimefutwa majina na namba zote, kona zimekunjwa. Kila meza ichukue tano. Tunywe chai, halafu tukae tuzisome.